Kutafuta ukoo katika kaunti ya Wilcox, Alabama: fuata shamba kabla ya jina

Mama mkwe wangu alizaliwa Gee's Bend, kijiji kilichozungukwa na Mto Alabama pande tatu, ndani ya kaunti ya Wilcox. Mwaka niliooa nilihudhuria mkutano wa ukoo wao kwenye uwanja wa kanisa, na kila niliyepeana naye mkono alikuwa Pettway au binti wa Pettway. Mimi mtu wa Muheza nikaona kazi ni nyepesi: jina moja, ukoo mmoja, chora mti umalize. Nilipoteza miezi minane. Jina lile halikuwa la ukoo, lilikuwa la mwenye shamba.

Nayaandika haya kwa Waswahili walioolewa au kuoa katika familia za watu weusi wa Kusini mwa Marekani, au wenye watoto wanaorudi na kazi ya shule ya kuchora mti wa ukoo. Natumia Wilcox kama mfano, lakini njia ni ile ile kwa kaunti nyingi za mashamba ya pamba.

Kabla ya majina, jua mahali

Tenga jioni mbili usome habari za kaunti kabla hujagusa jina la mtu. Kwa Wilcox, yanayokuhusu ni haya. Kaunti iliundwa mwaka 1819 kwa kumega kaunti za Monroe na Dallas, kwa hiyo hati ya kabla ya hapo iko kwa kaunti hizo mbili. Joseph Gee, kutoka kaunti ya Halifax, North Carolina, alifika kwenye pinda la mto mwaka 1816 na kuanzisha shamba la pamba kwa jasho la watumwa. Mwaka 1845 warithi wake walimpa shamba jamaa yao Mark Pettway ili kulipa deni. Mwaka uliofuata Pettway alihama kutoka Halifax, naye akawaswaga kwa miguu watumwa wapatao mia moja, kutoka North Carolina hadi Alabama.

Ukilielewa hilo moja, nusu ya mafumbo yamefumbuka. Utajua kwa nini kijiji kizima kina jina moja, na kwa nini ukikwama Wilcox mlango unaofuata ni Halifax. Utajua pia kwamba wawili wenye jina Pettway wanaweza wasiwe na tone la damu moja.

Yaliyofuata nayapitia haraka: baada ya watumwa kuachwa huru wengi walibaki pale pale, wakilima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye ardhi. Katika miaka ya 1930 serikali ya shirikisho ilinunua ardhi ile, na katika miaka ya 1940 familia ziliweza kuuziwa viwanja. Mwaka 1962, watu weusi walipoanza kudai kura, kivuko cha kwenda Camden, makao makuu ya kaunti, kilisimamishwa. Kilirudi mwaka 2006. Kwa miaka arobaini na nne, mtu wa Gee's Bend aliyetaka karatasi yake Camden alizunguka kwa barabara ndefu, na mji anauona ng'ambo ya mto. Ukikuta mzee hana cheti chochote, kumbuka kivuko.

Anza na walio hai, na uwahi

Karatasi zitakusubiri. Wazee hawatakusubiri.

Usiende na fomu. Nenda na chakula na simu ya kurekodi sauti, omba ruhusa, kisha nyamaza. Watu wa Kusini wana salamu ndefu kama sisi wa Pwani. Anayeanza na swali kabla ya kuulizia afya hujibiwa maneno mawili. Bibi mtu mzima usimwite kwa jina tupu, tanguliza Miss kisha jina lake la kwanza.

Shangazi yake mke wangu alivuta sanduku kutoka uvunguni. Ndani mlikuwa na programu za mazishi, zile karatasi za kukunja zenye picha ya marehemu na wasifu wake, zaidi ya sitini. Alizipanga kwa kanisa, hakujali mwaka. Programu moja ina majina ya wazazi, ndugu waliotangulia na waliobaki, mji alikohamia kila mtoto, na kanisa alikobatizwa marehemu. Nilimnyooshea moja.

"Shangazi, huyu alikuwa nani wako?"

"Huyo? Tulikua naye."

"Ni ndugu?"

"Mwanangu, tulikunywa maji ya kisima kimoja."

Wakati ule nilikasirika kimoyomoyo, nikaandika "si ndugu". Baadaye ilionekana yule mwanamume ndiye ufunguo, kwa sababu bibi yake aliandikwa kwenye orodha moja na bibi wa shangazi. Andika kila mtu wa kisima, hata asiye wa damu.

Maswali yanayofungua midomo ni ya mahali: mlichota maji wapi, mlimlimia nani, nani alizalisha akina mama, mlizika wapi. Ukiuliza "babu wa babu yako aliitwaje" utapata "sijui", na mzee atajisikia amefeli mtihani. Piga picha Biblia ya familia, kurasa za katikati walikoandika vizazi. Angalia na mwaka Biblia ilipochapwa. Kama Biblia ni ya 1920 na tarehe zinaanzia 1870, ziliandikwa kwa kumbukumbu.

Sensa: shuka ngazi, usiruke

Sensa ya Marekani hufanyika kila miaka kumi, na majina hufunguliwa baada ya miaka 72. Ya 1950 ilifunguliwa Aprili 2022, kwa hiyo anzia hapo. Tovuti ya FamilySearch ni bure, unajisajili tu. Inaendeshwa na kanisa la Wamormoni, lakini hawakuulizi dini. Tovuti nyingine, Ancestry, ni ya kulipia, ila maktaba nyingi za umma hukuruhusu kuitumia bure ukiwa ndani.

Shuka 1950, 1940, 1930, 1920, 1910, 1900. Sensa ya 1900 isome taratibu, maana inataja mwezi na mwaka wa kuzaliwa, miaka ya ndoa, na kwa kila mama idadi ya watoto aliozaa na walio hai. Mama akiwa na 11 waliozaliwa na 7 walio hai, na wewe una majina matano tu ya walio hai, ujue wapo wawili wa kutafuta. Ya 1890 usiitafute. Karibu yote iliharibika kwa moto wa Washington wa mwaka 1921 na yaliyofuata moto huo, kwa hiyo kuna shimo la miaka ishirini kati ya 1880 na 1900, na mtoto aliyezaliwa 1881 akaolewa 1899 anaweza asionekane kamwe kwa wazazi wake. Shimo hilo huzibwa na daftari za ndoa za Camden, nitazifikia.

Tahajia ya jina isikutie wasiwasi. Karani wa sensa aliandika alichosikia: Pettway, Petway, Pettaway. Kwenye kisanduku cha kutafutia andika Pet*way, ile nyota itabeba zote tatu. Umri nao huyumba miaka mitano au zaidi, na mtu yule yule huandikwa B (mweusi) mwaka mmoja na M (chotara) mwaka mwingine, kwa jinsi karani alivyoiona ngozi yake. Usimtupe mtu kwa sababu ya herufi.

Hapa ndipo nilipoteza ile miezi minane. Nilimpata mwanamume mwenye jina sahihi, umri sahihi, mke mwenye jina sahihi, nikamshika. Kumbe walikuwa wawili, nyumba zao hazijapishana hata maili mbili. Dawa yake ni hii: kila unapompata mtu, nakili pia nyumba kumi zilizotangulia na kumi zinazofuata. Karani alitembea nyumba kwa nyumba, hivyo majirani hubaki majirani kutoka sensa hadi sensa. Mtu akihama peke yake, na majirani wote wakabadilika, mtilie shaka.

Sasa tazama sensa ya 1870, ya kwanza kuwaandika watu weusi wote wa Kusini kwa majina. Safu ya mahali pa kuzaliwa ina hazina. Ukikuta nyumba ya Wilcox yenye baba wa miaka 45 na mama wa 40 waliozaliwa North Carolina, mtoto wa kwanza wa miaka 26 naye North Carolina, halafu watoto wa 22, 19 na 15 wote Alabama, piga hesabu. 1870 toa 26 ni 1844. Toa 22 ni 1848. Katikati kuna mwaka 1846, mwaka wa ile safari ya miguu. Haithibitishi kwamba walikuwamo, lakini inakwambia waulize akina nani. Sensa ya 1880 inaongeza uhusiano wa kila mtu na mkuu wa nyumba, pamoja na walikozaliwa wazazi wake. Ya 1870 haitaji uhusiano; mwanamke aliyeandikwa chini ya mwanamume anaweza kuwa mke, dada au mjane wa kaka yake.

Vyeti na fomu ndogo ndogo

Alabama ilianza kusajili vizazi na vifo jimbo zima mwaka 1908, na vijijini wengi walikwepa kwa miaka mingi. Cheti cha kifo hutaja wazazi wa marehemu, lakini tazama nani alitoa maelezo: mtoto anajua, jirani anakisia. Cheti cha kifo chenye zaidi ya miaka 25 yeyote anaweza kukiomba.

Fomu ambayo wengi hawaijui ni ile ya kuombea namba ya hifadhi ya jamii, SS-5. Mwombaji aliandika mwenyewe majina kamili ya baba na mama, pamoja na jina la mama kabla ya kuolewa. Mfumo ulianza 1936, lakini vibarua wa mashambani na watumishi wa ndani waliachwa nje hadi miaka ya 1950, kwa hiyo kwa watu wa Wilcox angalia muongo huo. Usisahau waliohama: mjomba aliyekwenda Mobile au Detroit mara nyingi ana karatasi nzuri kuliko ndugu zake waliobaki.

Siku ya Camden

Katika Alabama, hati za ardhi, wosia, mirathi na ndoa ziko chini ya hakimu wa mirathi wa kaunti. Piga simu kabla ya kwenda, uliza saa za kazi na kama daftari za zamani ziko pale pale au zimehamishwa. Beba penseli, noti ndogo za kulipia nakala, na uulize kabla ya kupiga picha. Ukitokea Gee's Bend panda kivuko, hata kama ni kwa heshima tu.

Kila mfululizo wa hati una faharasa mbili, ya wauzaji na ya wanunuzi, pitia zote. Daftari za ndoa za baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani mara nyingi zilitengwa kwa rangi, hivyo usipomwona mtu wako uliza kama kuna mfululizo mwingine. Na usiruke daftari zenye mgongo ulioandikwa Orphans' Court ukidhani ni za watoto yatima tu: hadi 1850 hiyo ndiyo iliyokuwa mahakama ya mirathi ya Alabama.

Daftari nilizozipenda ni za rehani. Mkulima wa kugawana mavuno alikopa mbegu na unga kwa mwenye duka, akaweka rehani pamba ambayo haijaota na nyumbu wake. Karani aliandika yote: nyumbu jike, rangi, umri, na jina lake. Sensa inakuja mara moja kwa miaka kumi, rehani inakuja kila masika. Mkulima akiweka rehani nyumbu yule yule miaka mitatu mfululizo, na mwaka wa nne nyumbu ameonekana kwa mtu mwingine, hapo kuna mauzo, deni, au mtoto aliyerithi. Mimi nilimtofautisha yule wangu na mwenye jina lake kwa nyumbu.

Kuvuka 1870

Nyuma ya 1870 kuna kile watafiti wanachokiita ukuta. Usiurukie. Kwanza jaza miaka mitano kati ya uhuru na sensa. Alabama ilifanya sensa yake mwaka 1866, yenye majina ya wakuu wa kaya weusi na hesabu ya waliomo kwa makundi ya umri. Mwaka 1867 wanaume walisajiliwa kupiga kura, weusi kwa mara ya kwanza. Daftari hizo zimetunzwa na Nyaraka za Jimbo zilizoko Montgomery, na zinatafutika mtandaoni. Ofisi ya Waachwa Huru (Freedmen's Bureau), ya serikali ya shirikisho, iliyofanya kazi kati ya 1865 na 1872, iliacha mikataba ya kazi yenye jina la shamba na majina ya wafanyakazi. Benki ya Waachwa Huru (Freedman's Bank) ilikuwa na matawi Mobile, Montgomery na Huntsville. Fomu zake ziliuliza wazazi, ndugu, watoto, hata waliouzwa mbali, na za mwanzo ziliuliza jina la bwana wa zamani. Kama babu alikuwa askari wa vikosi vya weusi vya jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini katika vita vile, jalada lake la pensheni huko Washington linaweza kuwa na ushahidi wa majirani waliokula kiapo wakisimulia harusi ya utumwani.

Kuanzia hapo nyuma, mtafute mmiliki. Sensa ya watumwa ya 1850 na ya 1860 haina majina yao. Ina jina la mwenye mali, na chini yake mistari: umri, jinsia, rangi. Mwanamke, 30. Mwanamume, 8. Mara ya kwanza kuiona nilifunga kompyuta nikaenda kufyeka majani nje. Lakini mistari ile ina kazi: familia yako ya 1870, toa miaka kumi, uone kama umri wao unakaa mahali pamoja chini ya mmiliki mmoja.

Majina yenyewe hukaa kwenye karatasi za kifo cha mmiliki. Alipofariki, mali yake iliorodheshwa na kuthaminiwa: magunia, ng'ombe, watu. Hapo mtu ana jina na bei, na mara nyingine mama ameandikwa pamoja na watoto wake. Kisha kuna mgawanyo, nani ameangukia kwa mrithi gani. Tafuta pia ukoo wa mke wa mmiliki, maana binti wa tajiri alipoolewa alipewa watu kama zawadi, na zawadi hiyo iliandikishwa kwenye daftari za hati kule alikotoka. FamilySearch sasa ina programu inayosoma mwandiko wa mkono ndani ya hati za ardhi na mirathi. Andika jina la mmiliki pamoja na jina la kwanza la mtu wako, si jina la ukoo. Mtumwa kwa kawaida hakuandikwa kwa jina la ukoo.

Ila usidhani kila aliyeachwa huru alichukua jina la bwana wa mwisho. Wengine walichukua la bwana wa kwanza, la baba, au walilolipenda wenyewe. Pinda la mto la Gee ni mfano mkali wa mahali ambapo jina liliganda.

Ardhi na makaburi

Hati za Alabama husomwa kutoka mwisho. Jimbo lilipimwa kwa miraba ya maili sita kwa sita, kila mraba una seksheni 36, kila seksheni ekari 640. Hati ikisema NE¼ of SW¼ of Section 12, chukua seksheni 12, chukua robo yake ya kusini-magharibi, ekari 160, ndani yake chukua robo ya kaskazini-mashariki: ekari 40. Chora kwenye karatasi. Ardhi nyingi ya familia vijijini haina wosia, ni ya warithi wote kwa pamoja, na yeyote mwenye fungu anaweza kuipeleka mahakamani igawanywe au iuzwe. Mti wako wa ukoo ukikamilika unakuwa ushahidi, basi hifadhi nakala ya kila hati, na mkifika huko mtafuteni wakili.

Makaburi nenda wakati wa baridi, majani yakiwa yameanguka na nyoka wamelala. Palipozikwa weusi zamani huenda pasiwe na jiwe: tafuta mierezi, maua ya vinka yaliyotanda chini, mashimo marefu yaliyodidimia kuelekea mashariki. Jiwe lililofifia limulike kwa kioo kutoka ubavuni. Usipake chaki wala povu la kunyolea, vinaharibu.

Vinasaba, na swali la Pwani

Pima wazee kwanza, kwa idhini yao, sababu wao wako karibu na mizizi kizazi au viwili. Kipimo hakikupi mti. Kinakupa binamu, na binamu anaweza kuwa na sanduku lake la programu za mazishi.

Ndugu zangu wa Tanga huniuliza kama wakwe zangu walitokea kwetu. Wengi walioshushwa Amerika ya Kaskazini, takribani 388,000, walitoka Afrika Magharibi na Magharibi ya Kati, tangu Senegambia hadi Kongo na Angola. Waliosafirishwa kutoka ukanda wetu kwenda huko ni wachache sana. Kipimo kikileta asilimia moja ya Afrika Mashariki, usiandae sherehe.

Sisi tumefika 1846 na tumesimama kwenye orodha moja yenye jina la kwanza la mwanamke, umri wake, na watoto wawili. Kinachofuata ni wosia na hati za Halifax, nyingi zikiwa kwenye nyaraka za jimbo huko Raleigh. Mke wangu ameomba likizo ya wiki moja Oktoba. Shangazi naye kasema tusiende bila yeye, anataka kuona walikoanzia kutembea.